Kinachogonga Barzani

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Mathilde alivua sare yake ya bluu na nyeupe, akaikunja juu ya kitanda, kisha akachukua ufagio na kwenda kufagia barza. Barza ndilo jina wanaloliita kibaraza cha mbele ya nyumba kule Likasi. Katika kambi ya Panda, ambako nyumba zimepangwa safu kwa safu na zote zinafanana, watu hutambua nyumba ya mwenzao kwa barza yake. Ya akina Mathilde ilikuwa ndefu kuliko za majirani. Baba yake, Papa Evariste, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, aliirefusha mwezi wa tano, akaweka boriti ndefu ya alumini mbele ya paa ili ishike bati mpya. Alitaka kupata nafasi ya chumba kidogo. Chumba hicho kilikuwa cha Orpha.

Orpha alikuwa na miaka minane. Mama yake, Daniella, alikuwa mdogo wake Mama Henriette, mama yake Mathilde. Daniella alifariki huko Kamatanda mvua zilipokuwa zinaisha, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Orpha aliletwa Panda akiwa na mfuko wa nguo na beseni la mama yake. Lilikuwa beseni la chuma lililopauka, lenye kishimo ubavuni. Hakukubali mtu mwingine alibebe.

Mathilde alipomaliza kufagia, aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lao la makaa, na Orpha akapuliza moto kwa kipande cha boksi. Mama Henriette alirudi kutoka sokoni na sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu. Jua lilishuka polepole nyuma ya bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani, na kivuli cha bomba kikapita juu ya mapaa ya kambi, nyumba baada ya nyumba, mpaka kikafika kwao.

Hapo ndipo sauti ilipoanza.

*Ko.*

Kimya. Halafu tena, *ko, ko*, kama mtu anayegonga kwa kidole kigumu, asiye na haraka, anayejua kwamba atafunguliwa.

Siku za mwanzo walitoka mbio kutazama. Hapakuwa na mtu. Mbwa wa jirani alikuwa amesimama njiani, masikio juu, akiitazama barza tupu. Siku zilizofuata hawakutoka tena. Walinyamaza tu. Mama Henriette aliacha kukoroga chungu, Papa Evariste akashusha macho, na kila mmoja akangoja imalize.

Orpha peke yake hakuonekana kuogopa. Kila sauti ilipokuja, aliacha kupuliza moto, akasimama, akageukia barza. Alikuwa na uso wa mtoto anayeitwa.

“Orpha, unasikiliza nini?” Mathilde alimuuliza jioni moja kwa sauti ya chini.

“Mama alikuwa anagonga beseni vile,” Orpha alijibu. “Tulikuwa tunacheza kule chini, kwenye maji. Jua likishuka, anagonga, minye ninaacha mchezo, tunarudi nyumbani.”

Mathilde akamsogelea.

“Weye unafikiri ni yeye?”

Orpha alifikiri kidogo. “Yaya,” akauliza, kama alivyomwita dada yake huyu mkubwa, “mama anajua njia ya kufika Panda?”

Habari za sauti hazikukaa ndani ya nyumba. Siku ya Jumatatu, Mama Julie alikuja kukaa na Mama Henriette. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa. Hakuwa mtu mbaya. Mathilde alipougua malaria mwaka uliopita, ni yeye aliyekesha kitandani pake. Lakini siku hiyo aliongea polepole, huku akitazama mlango wa chumba kidogo.

“Henriette, minye sisemi mubaya. Mbele ya mutoto huyu kuingia, ulikuwa unasikia kitu hapa?”

“Hapana.”

“Na tangu ameingia?”

Mama Henriette alikuwa anakunja ncha ya kitambaa chake na kuikunjua.

“Mutoto iko na kitu,” alisema Mama Julie. “Si kosa yake. Kimemufuata kutoka kule. Jumamosi tutakuja na wenzangu, tutamuchukua. Atafunga na sisi, tutamuombea mpaka kimuache.”

“Mpaka siku gani?”

“Mpaka kimuache.”

Mathilde alikuwa nyuma ya dirisha na aliyasikia yote. Alimkumbuka Jimmy, mtoto wa mtaa wa chini, aliyechukuliwa hivyohivyo na watu wengine mwaka jana. Alirudi amekonda, na mpaka leo hapendi mtu amtazame usoni. Mathilde aliingia chumbani. Orpha alikuwa amelala mchana, kichwa karibu na beseni. Mkono wake ulikuwa mdogo sana juu ya ukingo wa chuma.

Jioni ile sauti ilipoanza, Mathilde alijilazimisha kutoka nje. Alisimama chini ya boriti na kusikiliza kama anavyosikiliza darasani. *Ko.* Haikutoka mlangoni. Ilitoka juu, kwenye ncha ya boriti, pale bolti ilipoingia. Aliinua mkono akaigusa boriti. Ilikuwa vuguvugu, kama mtu.

Aliondoa mkono haraka. Kisha akakumbuka siku baba yake alipoifunga boriti ile. Ilikuwa saa sita, jua kali, na Papa Evariste alipiga kelele na kutia kidole mdomoni kwa sababu boriti ilimuunguza. Akakumbuka pia somo la Prof Séraphin: metali hurefuka ikipata joto, na hufupika ikipoa.

“Papa,” alisema baba yake alipokuja kumwita ale, “boriti uliifunga ikiwa ya moto.”

“Ndiyo. Alama ya kidole iko hapa.”

“Na sasa inapoa. Inataka kufupika, lakini bolti zinaishika huku na huku. Labda ndiyo inalia.”

Papa Evariste aliitazama boriti kutoka ncha hadi ncha. Mathilde aliona bega lake likishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo bila kujua kama ataubeba tena.

“Ningeweza kurefusha tundu la ncha moja,” alisema, “ili ipate nafasi ya kuteleza. Lakini lile sikio la chuma lenye tundu, linaloshika ncha ya boriti, ni jembamba. Nikikata sana litapasuka, na bati zote zitatuangukia. Weye unasoma. Niambie milimita ngapi, nitakata hizo tu.”

Siku mbili zilizofuata Mathilde alifanya kazi kwa bidii. Aliazima kipimajoto cha shule kwa Prof Séraphin. Aliposikia swali, “Cha nini, Mathilde?”, alijibu tu, “Ninapima kitu nyumbani.” Alikuwa wa kwanza katika darasa la nane, na hakutaka mtu ajue kwamba kwao kunagongwa. Alikifunga kipimajoto kwenye boriti. Saa sita mchana kilisoma digrii hamsini na tano. Alfajiri, kwenye ile baridi ya kiangazi inayouma masikio, kilisoma kumi na tano. Tofauti ilikuwa arobaini. Boriti ilikuwa na urefu wa mita nane.

Ilibaki namba moja tu: alumini hurefuka kiasi gani kwa kila digrii. Daftari lake lilikuwa na namba ya shaba na ya chuma. Ya alumini haikuwamo. Akamwendea Didier, mwenzake wa darasa, aliyekuwa na simu ya kaka yake.

“Harakisha, mega za intaneti zinaisha,” Didier alisema wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya barza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa Kiingereza. Mathilde aliona neno alumini, na mbele yake kumi na tatu. Maana yake, boriti yenye urefu wa milimita milioni moja ingerefuka milimita kumi na tatu ikiongezeka joto la digrii moja.

“Na hii F iko hapa pembeni ya digrii?” Didier aliuliza. “Kwetu tunaandikaga C.”

Mathilde aliitazama ile herufi. Hakujua maana yake hapo. Lakini Didier alikuwa anamtazama kama anavyomtazama kila siku anapopewa jibu.

“Ninajua,” alisema. “Si kitu. Andika kumi na tatu.”

Alipiga hesabu: milimita elfu nane, mara kumi na tatu, mara arobaini, gawanya kwa milioni. Jibu lilikuwa milimita nne na kidogo. Papa Evariste alikata tano, ili pabaki nafasi. Alhamisi adhuhuri alipanda ngazi, akalegeza bolti ya ncha ile, akaweka washa, kipete kipana cha chuma, chini yake, akashuka akiwa amejaa jasho na unga wa chuma.

Mama Henriette alimwita Mama Julie aje asikilize mwenyewe. Walikaa wote barzani. Jua lilishuka nyuma ya bomba. Kivuli kilikuja, kikapita juu yao.

Kimya.

Walingoja. Giza likaanza kuingia. Mama Henriette alicheka kidogo, kicheko ambacho Mathilde hakuwa amekisikia tangu msiba. “Bon,” alisema, “tule sasa.” Alileta bukari, ugali wao, na sombe, wakanawa mikono. Mama Julie naye alikata tonge. Papa Evariste alimgusa Mathilde kichwani na kumwita “enjinia wangu.”

*KO!*

Sauti ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Sahani ikatikisika. Tonge likamtoka Mama Henriette mkononi. *Ko. KO.*

Mama Julie alikuwa amesimama tayari. “Muliona? Mulimugusa, amekasirika! Alikuwa anagonga mapema, sasa anangoja watu wakule ndiyo aingie!”

“Mama Julie, ngoja...” alianza Papa Evariste.

“Ningoje nini? Hesabu ya mutoto ilifukuza kitu? Jumamosi asubuhi tunakuja.”

Wote walimtazama Mama Henriette. Alikuwa anatazama sakafu, mahali lile tonge lilipoanguka.

“Jumamosi,” alisema.

Orpha aliondoka bila kumaliza chakula. Mathilde alimkuta chumbani amejilaza chali, macho wazi.

“Yaya, watanipeleka kwa mama?”

“Hapana.”

“Leo amechelewa,” Orpha alinong’ona. “Siku zingine anakuja jua likiwa bado. Leo amechelewa sana. Labda njia imekuwa ndefu.”

Mathilde alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono mpaka pumzi yake ikatulia. Lakini neno lile halikumwacha. *Amechelewa.* Kwa nini imechelewa? Kama kukata tundu hakukusaidia kitu, ingegonga saa yake ileile. Badala yake boriti ilikaa kimya kwa muda mrefu, ikiteleza kwenye ile nafasi ya milimita tano. Halafu nafasi ikaisha, ikakamatwa na bolti, na baridi bado ilikuwa inaendelea. Basi baba alikata mahali panapofaa. Tatizo ni kwamba alikata kidogo. Na alikata kidogo kwa sababu namba aliyopewa ilikuwa ndogo.

Mathilde akaiona tena ile F, pembeni ya alama ya digrii, kama jicho dogo linalomtazama.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kengele, alimwuliza Didier atafute F ni nini. Ilikuwa Fahrenheit, vipimo vya joto wanavyotumia Wamarekani. Ukurasa ulisema pia namna ya kubadilisha: toa thelathini na mbili, kisha gawanya kwa moja nukta nane. Mathilde aliandika haraka. Kumi na tatu, toa thelathini na mbili: hasi kumi na tisa. Gawanya: hasi kumi na kidogo. Aliifuta, akarudia. Hasi tena. Kwa hesabu hiyo, alumini ingefupika juani na kurefuka kwenye baridi.

Somo la fizikia lilianza. Mathilde alifikiria kungoja mapumziko, amwulize Prof Séraphin pembeni, mahali ambapo hakuna mtu. Lakini mapumziko Prof huwa ofisini na walimu wengine, na jioni ya leo ilikuwa ya mwisho. Aliinua mkono.

“Prof, kuna kitu sielewi.”

Darasa liligeuka. Mathilde hakuwahi kusema neno hilo.

“Nilisema ninajua, na sikujua,” aliendelea, akaeleza yote: boriti, namba, ile F, na hesabu iliyotoa hasi.

“Kwao chuma inaogopa jua!” alisema mmoja kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Hata Didier alicheka, kisha akamtazama Mathilde usoni na kuacha.

Prof Séraphin hakucheka. Alikuwa kijana mpole, aliyesomea ualimu Mulungwishi, na alizoea kungoja kelele ziishe zenyewe. Alichora ubaoni ngazi mbili zenye kimo kimoja, zimesimama bega kwa bega.

“Chini hapa ni barafu inayoyeyuka. Juu kule ni maji yanayochemka. Ngazi ya Celsius ina vipandio mia moja. Ya Fahrenheit ina mia moja na themanini. Kimo ni kilekile. Vipandio vya ngazi ipi ni vidogo?”

“Vya Fahrenheit,” walijibu.

“Kipandio kimoja cha Celsius ni sawa na vingapi vya Fahrenheit?”

Mathilde alifikiri. “Kimoja nukta nane.”

“Vizuri. Sasa, Wamarekani hawaanzi kuhesabu kwa sifuri pale kwenye barafu. Wanaanza kwa thelathini na mbili. Kwa hiyo nikikuuliza leo kuna joto gani, lazima uitoe ile thelathini na mbili. Lakini boriti yenu haiulizi iko kwenye kipandio namba ngapi. Inajua tu imeshuka vipandio vingapi. Ukishuka kutoka cha tisini hadi cha themanini, umeshuka kumi. Je, thelathini na mbili imeingia wapi hapo?”

“Haikuingia,” Mathilde alisema polepole.

“Haikuingia. Namba yako inasema: alumini hubadilika kumi na tatu kwa kila kipandio kidogo. Kwa kipandio kikubwa je?”

“Zaidi. Mara moja nukta nane.” Aliandika pale pale, amesimama. “Ishirini na tatu nukta nne!”

“Na digrii zako arobaini ulizipima kwa kipimo gani?”

“Celsius.” Akafunika mdomo. “Prof, nilichanganya. Namba ilikuwa ya vipandio vidogo, nikaizidisha kwa vipandio vikubwa.”

“Basi rudia hesabu.”

Darasa lilikuwa kimya sasa. Didier naye alikuwa anaandika. Milimita elfu nane, mara ishirini na tatu nukta nne, mara arobaini, gawanya kwa milioni. Saba na nusu.

“Tuihakikishe kwa njia ya pili,” alisema Prof. “Iacheni kumi na tatu kama ilivyo, badilisheni zile arobaini ziwe vipandio vidogo.”

“Sabini na mbili,” alisema Didier. Alipiga hesabu, akainua kichwa. “Ni saba na nusu ileile!”

Mathilde alikaa. Machozi yalimjia, akayaacha yaanguke juu ya daftari, juu ya ile saba na nusu.

Mchana ule alimkuta Papa Evariste karakanani kwake, akamweleza kila kitu, hata lile neno “ninajua”. Baba yake alizima mashine, akachukua tupa yake nyembamba. Nyumbani alipanda ngazi na kukata taratibu, akipuliza unga, akipima, akikata tena, mpaka nafasi ikafika milimita nane. Sikio la chuma lilibaki jembamba, lakini lilishika. Kabla ya kushuka alichora kwa chaki mstari mmoja mwembamba, nusu kwenye boriti, nusu kwenye lile sikio linaloishika.

Jioni Mama Julie alikuja na kanga mabegani. Hakukaa karibu. Alisimama kwenye ukingo wa barza, mikono imefungwa.

Kivuli cha bomba kilipita. Kimya. Giza likaingia, taa zikawaka kwenye nyumba za ng’ambo. Hakuna aliyeleta chakula, kwa sababu hakuna aliyetaka kukatizwa tena tonge likiwa mkononi. Baridi ilikuja kutoka ardhini, ikapanda miguuni. Mama Henriette alimfunika Orpha kwa kitenge chake. Ule muda wa jana ulifika, ukapita. Waliusikia mlango wa jirani, wakasikia mtoto akilia mbali, wakasikia makaa yakipasukapasuka kwenye mbabula. Juu yao hapakuwa na kitu.

“Labda imelala,” alisema Mama Julie, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

“Kuya uone, Mama Julie.” Papa Evariste aliwasha tochi na kumwonyesha ile chaki. Mstari ule mmoja ulikuwa umekatika vipande viwili. Nusu iliyo kwenye boriti ilikuwa imesogea, karibu upana wa kidole kidogo cha mtoto, na nusu iliyo kwenye sikio la chuma ilibaki mahali pake.

Mama Julie alipanda kwenye kiti, akaweka kidole katikati ya mistari ile.

“Inatembea,” alinong’ona. “Inatembea, na haigongi.”

“Ilikuwa inatembea siku zote,” alisema Papa Evariste. “Minye ndiye niliifunga miguu.”

“Na mutoto?”

“Mutoto iko palepale alipokuwa jana,” Mama Henriette alijibu. Alisimama, na kwa mara ya kwanza juma lile hakutazama chini. “Yeye iko, na sauti haiko. Basi haikuwa yake. Kesho hamtamuchukua, Mama Julie. Wala siku nyingine.”

Mama Julie alishuka kitini. Kisha akaenda alipoketi Orpha, akainama, akamwekea kanga yake juu ya kile kitenge, na kuondoka mabega wazi kwenye baridi.

Mathilde alisimama mbele ya wazazi wake. “Mama, nisamehe. Niliiona ile F. Nilisema ninajua kwa sababu niliona aibu. Kidogo tu Orpha aondoke.”

Mama Henriette alimvuta akaketi kando yake.

“Sikiliza, mwanangu. Kukosea hesabu si dhambi. Prof alikusaidia, na hesabu ikanyooka. Kilichotaka kutupotezea mtoto ni lile neno ‘ninajua’, likisemwa na muntu asiyejua. Na weye hukulisema peke yako. Minye nilisikia kitu nisichokielewa, nikaogopa kusema sielewi. Nikakipa jina la mutoto wa mdogo wangu.” Alipangusa macho. “Tangu leo, katika nyumba hii, asiyejua aseme hajui, mukubwa kwa mutoto. Halafu tutafute pamoja.”

Hakuna aliyeona Orpha alipoondoka barzani. Mathilde alimkuta chumbani, kanga na kitenge vikimburuta, amelikumbatia beseni. Alikuwa analia bila sauti.

“Kwa hiyo hakuwa mama,” alisema.

Mathilde alitafuta la kumwambia. “Sijui niseme nini, Orpha,” alisema mwishowe, na kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kweli, alilala kando yake mpaka asubuhi.

Jumamosi hakuna aliyekuja kumchukua mtoto. Jioni Orpha na Mathilde walikuwa wanacheza kamba njiani. Jua liliposhuka nyuma ya bomba, Orpha aliacha kuruka. Aligeuka, akaitazama barza. Kivuli kilipita juu ya bati, juu ya boriti, juu ya chumba kidogo. Palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko sauti.

*Ko, ko, ko.*

Mathilde aliruka kwa mshtuko. Mbwa wa jirani akainua masikio.

Mama Henriette alikuwa amesimama barzani. Mkono mmoja alishika kijiko cha kukorogea bukari, na mwingine lile beseni lililopauka, ambalo asubuhi alimwomba Orpha, na Orpha, baada ya kufikiri sana, akampa.

“Orpha!” aliita. “Mathilde! Jua limeshuka. Kuyeni nyumbani.”

Orpha alidondosha kamba, akakimbia.